Muswada wetu ulizidi kilo

Mimi ni mgumu. Ndivyo tunavyoitwa wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, na kwa miaka tisa nimepanda kwa Machame, kwa Marangu, hata kwa Londorosi, mzigo ukiwa kichwani. Wenzangu hapa Moshi walinichagua katibu wa kikundi kwa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka. Kazi ya kwanza waliyonipa ni "kupeleka sheria bungeni."

Chanzo kilikuwa tipu. Mgeni akishuka anakabidhi bahasha, inapita mikono miwili mitatu, sisi wa nyuma tunaambiwa kilichobaki. Hakuna karatasi, hakuna anayejua mgeni alitoa ngapi. Ukiuliza sana, safari ijayo jina lako halipo.

Jumamosi moja tukaenda watu wanne kwa mbunge. "Mheshimiwa, tunaomba utuletee sheria." Alitusikiliza vizuri, kisha akauliza: mnataka niulize swali, nilete hoja binafsi, au nilete muswada binafsi? Tukaangaliana. Kwetu vyote vilikuwa kitu kimoja.

Akatufafanulia. Hoja binafsi inaliomba Bunge liazimie jambo. Mwanzoni mwa mwaka 2013 James Mbatia, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa, alileta hoja ya namna hiyo kuhusu udhaifu wa elimu, na nchi nzima ikaizungumza. Lakini azimio linaibana Serikali tu, huwezi kumshtaki mtu kwa azimio. Muswada binafsi ndio sheria ikiwa bado mbichi, na mbunge yeyote asiye waziri anaruhusiwa kuuleta. Anampa Katibu wa Bunge taarifa ya maandishi yenye madhumuni na sababu. Ukikubalika unatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kwenye kamati, na safari inaendelea hadi kusomwa mara ya tatu na Rais kutia saini. "Ila miswada ya Serikali ina watu wanaolipwa kuiandika," akasema. "Mimi ninao ninyi. Nileteeni kurasa mbili."

Tukaleta kumi na moja.

Tuliziandika Kiboriloni, kwenye mgahawa wa mama mmoja anayejua kupika mtori, kila mtu akimwaga lake. Tulitaka mfuko wa wapagazi wanaoumia mlimani, Serikali ichangie. Tulitaka kila mgeni atozwe dola mbili ziingie kwenye mfuko huo, na ofisi ya mkaguzi kila geti. Tulitaka mikataba ya maandishi. Na tipu, ambayo ndiyo iliyotutoa nyumbani, tuliiweka ukurasa wa tisa!

Kabla ya kuzirudisha kwa mheshimiwa nikamwonyesha mpwa wa mwenzetu mmoja, dada mwanasheria. Alisoma kimya, akachukua kalamu nyekundu, akafuta mfuko, akafuta dola mbili, akafuta wakaguzi. Nilikasirika, sitaficha.

"Kaka, usininunie," akasema, "soma Katiba, ibara ya 99." Nikasoma. Bunge halishughulikii muswada wa kutoza kodi, au wa kuagiza fedha zitoke Mfuko Mkuu wa Hazina, mpaka Rais apendekeze na pendekezo hilo liletwe bungeni na waziri. Kodi ikiguswa kwa kupunguzwa, hapo kizuizi hicho hakipo. Kwa hiyo mbunge wa kawaida akibeba muswada wenye matumizi ya Serikali ndani yake, hauvuki geti. Nikakumbuka mizani ya pale Machame: mzigo ukizidi kilo 20, hawakuulizi ndani kuna nini. Unapunguza.

Mikataba nayo akaikata, kwa sababu nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 tayari inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Hilo ni la kudai, si la kutunga upya. Kitu cha kutunga kilikuwa kimoja: tipu iandikwe, igawiwe mbele ya wote waliopanda, kila mmoja asaini. Tena tusiombe sheria mpya, tuombe marekebisho ya sheria iliyopo.

Kikao cha kuwaeleza wenzangu kilikuwa kigumu kuliko mlima. Mzee wetu wa kikundi aliinua ile karatasi dhidi ya mwanga akauliza, "Katibu, nyama yote umekula wewe? Mbona umeleta mfupa?" Mwingine akasema twende Arusha, kilomita 80 tu, kwenye Bunge la Afrika Mashariki. Si wazo la kijinga. Ibara ya 59 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mbunge wa kule naye alete muswada wake, na wa kudhibiti mifuko ya plastiki uliletwa na mbunge, si na Baraza la Mawaziri. Lakini muswada wa kule lazima uhusu mambo ya Jumuiya, na unangoja saini za wakuu wa nchi zote wanachama. Bahasha ya tipu ya Moshi isubiri marais wote hao? Tukabaki na Dodoma.

Nilichapisha kurasa mbili steshenari, kwa Kiswahili chetu, maana tangu mwaka 2021 ndiyo lugha ya sheria zetu. Sehemu ya sababu niliiandika mara sita. Mwishowe niliacha kulalamika nikaeleza safari moja tu: tulikuwa wangapi, siku ngapi, nilipewa shilingi ngapi, nilisaini wapi. Hakuna mahali.

Mheshimiwa alizisoma palepale amesimama. Akauliza swali moja, kama kuna shilingi ya Serikali humo ndani. Nikamwambia hamna. Akatia saini taarifa yake kwa Katibu wa Bunge, akanipa nakala, akaniagiza nimtafutie wapagazi wengine kumi wenye maelezo kama yangu, maana kwenye kamati atabanwa. Mpaka leo ninao saba. Watatu waliobaki wako mlimani, wanashuka Alhamisi.