Kompyuta ilikubali paswedi, halafu ikanifukuza

Ilikuwa 2019, natumia Linux Mint 19, mfumo endeshi wa kompyuta, yenye deskitopu ya Xfce, kwenye leptopu ambayo tulishazoeana, na usiku ule nilikuwa nafanya vitu vitatu kwa mpigo kama kawaida yangu, apdeti zinajisakinisha kwenye teminali, muziki unapiga, na kuna ripoti ya kazi nimeifungua LibreOffice inayotakiwa keshokutwa yake asubuhi. Mara muziki ukaanza kurudia kipande kilekile kidogo kama mtu mwenye kigugumizi, mausi ikaganda, kibodi kimya, hata taa ya Caps Lock ukibonyeza haiwaki. Nikasubiri kama dakika tano hivi, halafu nikakandamiza kitufe cha kuwashia mpaka ikazima.

Baadaye ndo nilikuja kujua kuna njia ya kistaarabu, unashika Alt na SysRq halafu unabonyeza S, U, B taratibu, ya kwanza inamwagia diski kilichobaki kwenye memori, ya pili inaifunga isiandikwe tena, ya tatu inarestati. Ingawa Caps Lock ikishagoma, mara nyingi na keneli, moyo wa mfumo, nayo imeshakufa, hamna wa kukusikia.

Kuwasha tena, badala ya nembo ya Mint nakutana na kioo cheusi, BusyBox, teminali ya dharura ya kabla mfumo haujawaka, chini kabisa neno `initramfs` na kamstari kanapepesa. Juu yake pameandikwa `/dev/sda2: UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY`. Herufi kubwa zile zinatisha, ila kusema ukweli ule ndo ulikuwa ujumbe muungwana kuliko yote niliyoiona wiki ile, maana ulisema shida ni nini na mimi nifanye nini. Nikaandika `fsck /dev/sda2`, amri ya kukagua na kurekebisha diski, ikaanza maswali, inode hii (kumbukumbu ya faili) ina kasoro nirekebishe? y. Hesabu ya bloku haiko sawa, nirekebishe? y. Ilipofika y ya thelathini na kitu nikachoka, nikaikata, nikarudia na `-y` ijijibu yenyewe. Mwisho ikasema `FILE SYSTEM WAS MODIFIED`, nikaandika `exit`, mashine ikapanda mpaka kwenye logini. Nikajipongeza kabisa, kumbe kitu chenyewe chepesi hivi!

Naandika paswedi, inakubali, kioo kinakuwa cheusi sekunde moja, halafu narudishwa palepale kwenye logini. Naandika tena, vilevile. Nikakosea makusudi kuona kama inanisikia, ikaniambia paswedi si sahihi. Kwahiyo ile ya kweli inaijua, ila inanipokea mlangoni halafu inanitoa kwa mlango uleule.

Hapo nikafanya jambo ambalo nitalizungumzia tena mbele, nikaenda Ctrl+Alt+F3, nikaingia kwa maandishi bila tatizo, nikasema kama logini haitaki kunipa deskitopu basi nitaivuta mwenyewe kwa nguvu. Nikaandika `startx`, amri ya kuwasha deskitopu, ikagoma. Nikaandika `sudo startx`, yaani ileile kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo, nayo ikagoma. Sawa, nikaachana nayo, nikasahau kama niliigusa. Kitu pekee cha maana nilichofanya usiku huo ni kuchomeka flashi na kuikopi ripoti, ambayo ilikuwa imebaki na ile sevu ya mwisho, kurasa mbili za mwisho hazimo.

Usiku wa pili niliupoteza kwenye draiva ya grafiki. Sijui kwa nini watu wa Linux kioo kikiwa cheusi tu tunakimbilia draiva, ni kama ugonjwa, na mimi ninao mpaka leo. Nikaitoa ya Nvidia, nikajaribu nouveau, draiva mbadala wake, nikairudisha ya Nvidia, kila hatua restati, kila restati paswedi, kila paswedi kufukuzwa. Katikati ya vurugu hizo nikapiga `sudo dpkg --configure -a` ambayo ilinisaidia kweli, maana zile apdeti zilikatika njiani na kuna pakiti zilikuwa zimening'inia, zikamalizika. Logini? Palepale.

Nikampigia jamaa yangu mmoja wa kazini.

"Kaka, umesoma .xsession-errors?"

"Bado."

"Siku mbili zote hizo ulikuwa unasoma nini sasa?"

Sikuwa na jibu. Nikafungua hilo faili, ndimo makosa ya kuwasha deskitopu yanapoandikwa, huku yuko kwenye simu, na mstari upo pale wazi, kwamba xfce4-session, programu inayowasha deskitopu, imeshindwa kuwaka kwa sababu ya laibrari (faili ambalo programu hulitegemea) `libxfce4ui-1.so.0`, na mwishoni maneno matatu, `file too short`. Faili ni fupi mno. Nikaliangalia kwa `ls -lL`, saizi 0. Jina lipo, mahali pake papo, ndani hamna kitu, ganda tupu.

Jamaa akanielewesha kitu ambacho mimi nilikuwa nimekielewa kinyume miaka yote. Jarnali ya ext4, yaani daftari la mabadiliko la mfumo wa mafaili wa diski yangu, ukiiacha na mipangilio yake ya kawaida, inaandika habari za muundo wa diski tu, majina, mafolda, bloku ipi ni ya nani. Yaliyomo ndani ya mafaili hayapiti kwenye jarnali. Kwahiyo fsck inaweza kukuambia diski iko safi na isiwe inadanganya, huku faili lako limebaki jina. Mimi nilikuwa nachukulia fsck ikinyamaza basi kila kitu kiko salama.

Nikapiga `sudo apt install --reinstall libxfce4ui-1-0`, saizi ikarudi, nikarestati nikiwa natabasamu. Paswedi. Kioo cheusi. Logini.

Aisee hapo ndo nilitaka kuifomati. Flashi ya kusakinishia nilikuwa nayo mkononi. Jamaa akasema subiri, tengeneza yuza mpya. Nikaandika `sudo adduser jaribio`, nikaipa paswedi ya herufi moja moja ya hasira, nikarudi kwenye logini nikamchagua Jaribio, na huyo bwana akaingia moja kwa moja! Paneli ipo, picha ya ukutani ipo, saa inatembea. Mimi mwenye mashine nimefungiwa nje, mgeni wa dakika mbili kakaa sebuleni.

Basi mfumo ni mzima, shida iko home kwangu, kwenye folda yangu binafsi. Na kuna kitu nilikuwa nimekiona bila kukitilia maanani, lile faili la .xsession-errors baada ya kurekebisha laibrari lilikuwa halijabadilika hata saa yake, limebaki na makosa yaleyale ya juzi. Maana yake sesheni yangu ilikuwa inakufa kabla hata ya kufika mahali pa kuandika kosa.

Nikarudi kwa maandishi, `ls -la`, nikaanza kushuka na mstari mmoja mmoja, jina langu, jina langu, jina langu, halafu:

`-rw------- 1 root root .Xauthority`

Hilo ndo faili ambalo logini inaliandika upya kila ukiingia, na kama mmiliki ni root basi mimi siwezi kuliandika, sesheni inaishia hapo. Nikamsomea jamaa kwenye simu, akauliza swali moja tu, la saa ngapi hilo faili? Nikaangalia tarehe. Juzi, 23:40. Mashine iliganda kwenye saa nne na robo usiku. Saa tano na dakika arobaini mimi nilikuwa nimeshamaliza fsck, nimeshakasirika, naandika `sudo startx`.

Kwenye Ubuntu za enzi hizo, kabla ya 19.10, na Mint iliyojengwa juu yake, ukitumia sudo home inabaki ileile yako, kwahiyo root alikuja kuandika faili lake ndani kwangu na akaliacha lina jina lake. Nilimwambia jamaa huenda ni ile krashi iliyolibadilisha. Akacheka mpaka simu ikakwaruza.

`sudo chown` ya mstari mmoja kurudisha umiliki kwangu, paswedi, nikaingia. Paneli ilikuwa imerudi ya kiwandani, nikapiga `find ~/.config -size 0` nikakuta mipangilio yangu kadhaa nayo imebaki maganda, nikayafuta nikapanga upya, kazi ya nusu saa. Zile kurasa mbili za ripoti niliziandika upya usiku uleule.

Jaribio sikumtoa. Nimeshahamia leptopu nyingine, ila ile ya zamani ukiiwasha bado wanatokea wawili kwenye logini, mimi na yeye, na watu wakiiazima wananiuliza huyu Jaribio ni nani.