Houtian sio siku ya nyuma

Leo nimecheka peke yangu kama mwehu. Wiki iliyopita mwalimu wangu wa Kichina aliniandikia kwa Kichina kuhusu kipindi cha houtian, na mi hou naijua, hou ni nyuma, tian ni siku, bas nikaunganisha nikapata siku ya nyuma, nikajua anaongelea juzi, na juzi kweli nilichelewa kipindi kwahiyo nikamjibu samahani mwalimu haitajirudia tena. Kumbe houtian ni keshokutwa. Keshokutwa ikafika, yeye yuko hewani ananisubiri na mi nimelala fofofo.

Na juzi sasa ndo qiantian, siku ya mbele. Yani kila kitu kimegeuzwa. Sisi tunasema siku za nyuma tukimaanisha zilizopita, na huko mbele ndo kwenye mambo yanayokuja, sasa mtu akikwambia juzi iko mbele yako unahisi kama umevaa shati kinyumenyume. Nilikasirika siku mbili nzima. Halafu nikiwa nasoma tangazo la msiba nikakutana na “ametangulia mbele za haki”, nikasimama hapohapo. Si ndo hiyohiyo! Aliyekufa ametangulia, wazee ni waliotutangulia, na watoto ambao hawajazaliwa ni wanaokuja nyuma yetu. Kwahiyo hata kwetu waliopita wako mbele, tumejipanga mstari mmoja na jana imeshika namba mapema. Maneno haya nimeyasema maisha yangu yote na sijawahi kuona picha iliyomo ndani yake mpaka Kichina kikanichokoza.

Mwezi uliopita nao uko juu, shang ge yue, na ujao uko chini, xia ge yue. Hii ilinisumbua mpaka nikafikiria meseji za kwenye simu, za zamani ziko juu na mpya zinaingia kwa chini, tangu hapo sijakosea. Ila sitaki kudanganya kwamba sa hivi nauona muda unashuka kama maji, hapana. Mwaka 2001 mwanasaikolojia mmoja, Lera Boroditsky, alitoa utafiti uliodai kwamba wanaoongea Kichina wanauwaza muda kwenda juu na chini kuliko wanaoongea Kiingereza, halafu wengine wakarudia majaribio yaleyale wasipate matokeo hayo. Mi naona ni sawa tu, kichwa hakigeuki kirahisi hivyo. Kinachogeuka ni kwamba unaanza kusikia maneno yako mwenyewe.

Mfano vitenzi. Kila mtu alinitisha, ati Kichina hakina wakati, kitenzi kinabaki vilevile jana leo na kesho, utaelewaje sasa? Unataja jana mwanzoni, zuotian, halafu vitenzi vinafuata vimevaa nguo za nyumbani. Nikasema mbona hii naijua. Niliamka, nikaoga, nikala, nikaondoka. Hiyo -ka- haina saa yake yenyewe, inaegemea ile -li- ya kwanza kama mtoto aliyeshika gauni la mama. Na hu- je? Hula, huenda, hulala, lini? Hakuna lini.

Halafu kuna le, kijineno kinachokaa baada ya kitenzi. Mwanzoni niliambiwa le ni wakati uliopita, nikaamini, mpaka nikasikia mtu anaitwa anajibu lai le, yani nimekuja! na huku hajatokea bado, ndo kwanza anavaa viatu. Kama ni uliopita huyu amekuja saa ngapi? Nikakumbuka sisi tunavyoambiana “nimeshafika” tukiwa bado njiani, “haya mi nimeondoka” huku umesimama mlangoni na stori inaendelea robo saa. Ile -me- yetu haihesabu saa, inasema jambo limeshaiva. Tangu nilipoiona hivyo le imenikaa, na nadhani aliyekuja kwenye Kichina akitokea Kiswahili amepunguziwa kazi kidogo, japo hakuna anayekwambia.

Saa sitaki hata kuzisemea. San dian ni tatu ya kwenye mshale, kwetu saa tisa, toa sita ongeza sita, nimeshakosa vipindi viwili kwa ajili hiyo tu.

Jana mwalimu akaniuliza, siku inayofuata keshokutwa kwenu mnaiitaje, wao ni dahoutian. Nikamwambia mtondo. Na ya baada ya hapo? Mtondogoo. Akafurahi akaandika. Mi nikabaki najiona tapeli maana haya maneno nayajua toka darasani na sijawahi kumtamkia mtu yeyote, mbele ya keshokutwa huwa nasema tu “siku hizi hizi”, siku zenyewe zimekaa huko kama fungu moja halina majina.

Kwahiyo leo asubuhi nikamwandikia rafiki yangu tuonane mtondo. Amenijibu sasa hivi, “Mtondo ndo wapi?”