MUMPS na mashine za maabara: matokeo hupotelea wapi

Matokeo ya maabara yakikosekana kwenye faili la mgonjwa, iwe Kisumu au Nakuru, lawama huangukia MUMPS, lugha ya zamani ya programu inayotumika kwenye mifumo ya hospitali. Mara nyingi inaonewa. MUMPS ilibuniwa Massachusetts General Hospital, Boston, mnamo 1966 na 1967, kabla ya intaneti, lakini mtandao haukuishinda: soketi ya TCP, yaani mlango wa mawasiliano ya mtandao, ni kifaa tu kama printa, unakifungua kwa OPEN, unasoma kwa READ, unafunga kwa CLOSE.

Tatizo kubwa ni kudhani kwamba READ moja huleta ujumbe mmoja. TCP hupeleka mfululizo wa baiti na haijui ujumbe unaishia wapi, kwa hiyo unaweza kupata nusu, au mmoja na robo ya unaofuata. Ujumbe wa HL7 toleo la 2, muundo ambao mashine za maabara hutumia kutuma matokeo, huanza na baiti 0B (kwa heksadesimali) na kuisha na 1C ikifuatwa na 0D. Endelea kukusanya hadi uzione hizo mbili za mwisho, na kinachozidi kihifadhi, ni mwanzo wa ujumbe mwingine. Wekea READ kikomo cha sekunde: muda ukiisha $TEST, alama ya kama READ ilifaulu, huwa 0, lakini usitupe ulichokwisha kusoma.

Kukata mstari wa ujumbe kwa $PIECE, inayotoa kipande kilicho kati ya alama za |, ni rahisi mno, na hapo ndipo watu huteleza. Katika MSH, mstari wa kwanza wa ujumbe, kipande cha 10 ndicho MSH-10, namba ya ujumbe wenyewe, kwa sababu alama yenyewe huhesabiwa kama MSH-1. Kwingineko hesabu husogea: PID-3, namba ya mgonjwa, ni kipande cha 4, na OBX-5, jibu la kipimo, ni cha 6.

Kisha ijibu mashine. Andika data kwanza, ndipo utume MSA|AA, yaani “nimepokea”, pamoja na ile namba ya MSH-10. Ukitanguliza jibu na umeme ukatike, mashine inaamini umepokea, nawe huna kitu. Ukiandika na jibu lisifike, mashine itatuma tena. Kwa hiyo hifadhi MSH-10 pamoja na matokeo, kati ya TSTART na TCOMMIT ili vyote viandikwe au visiandikwe kabisa, na ikirudi namba ileile jibu AA bila kuandika upya. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, ni ya lugha ya Java, lakini mtego huu inao vilevile.

Kabla ya kukabidhi mfumo, chomoa waya baada ya TCOMMIT, kabla ya jibu kutoka. Rudisha, subiri mashine itume tena, halafu hesabu: kipimo kionekane mara moja tu.