Mhasibu niliyetaka udaktari: nilivyochagua pa kuanzia

Mjomba wangu anabeba boksi Baltimore, jimbo la Maryland, Marekani, tangu enzi za Mkapa. Nilipomweleza kuwa nataka kusomea udaktari wa tiba alicheka hadi akakaa chini. "Wewe mhasibu, udaktari wa nini? Soma unesi ulipe kodi." Jamaa wa kanisani yeye akasema nichukue masters yoyote ya sayansi, mlango utafunguka. Ushauri wake ndio ulionigharimu mwaka mzima.

Digrii yangu ni ya biashara, ya nyumbani Tanzania. Maryland nililetwa na grini kadi ya bahati nasibu, nikaangukia kuhudumia wazee zamu ya usiku. Kemia mara ya mwisho tulionana kidato cha nne, tukaachana na D.

Kumbe programu za baada ya digrii za kukuandaa kuomba udaktari, wenyewe wanaziita postibaki, ziko za namna mbili. Kuna za wasiowahi kusoma sayansi: unaanza biolojia, kemia, ogania (kemia ya kaboni) na fizikia, zote na maabara zake. Nyingine ni za waliosoma wakaharibu, wanataka kusafisha alama. Mimi nikaomba hiyo ya pili. Kwenye usaili bwana mmoja mpole akapekua transkripti yangu, akageuza karatasi aangalie nyuma, akauliza, "Biolojia yako iko wapi?" Nikamwonyesha Sheria za Biashara. Sijui nilifikiria nini.

Jaribio lililofuata lilikuwa chuo binafsi chenye majengo ya mawe na ada ya kujengea nyumba Kimara, ukuta na geti juu. Tangazo lao: asilimia 95 ya wanafunzi wetu huingia udaktari. Nikatuma dola 500 za kushika nafasi, nikaenda kazini natamba. Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, mwalimu mstaafu wa hesabu, akanisikiliza, akavua miwani. "Asilimia 95 ya nani?"

Asubuhi nikapiga simu. Sikuuliza wameingia wangapi, niliuliza walioanza walikuwa wangapi. Kimya. Nikasikia kiti kikilia. Ikatoka kidogo kidogo: wanahesabu waliopewa barua ya kamati tu, yaani barua ya chuo ya kukupendekeza kwa vyuo vya udaktari, na ukipata B mbili tatu barua huioni. Kwa hesabu hiyo hata timu yangu haijawahi kufungwa.

Hapo ndipo nilipopata akili ya kuviandikia vyuo vya udaktari vyenyewe, kama saba hivi, swali moja: mwenye digrii ya nje anahitaji krediti ngapi (uniti za masomo) za Marekani? Vingine vilitaka hadi 90. Tena AMCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya udaktari, haithibitishi alama za vyuo vya nje, kwa hiyo GPA yangu ya Dar niliyokuwa naringia haihesabiki. Programu ya mwaka mmoja, hata ya majengo ya mawe, isingenifikisha. (Walio na viza ya mwanafunzi waulize kwanza kama wanapokelewa, vyuo vingi havipokei.)

Nikajiandikisha chuo kikuu cha jimbo, madarasa ya jioni, ada nafuu ya mkazi wa jimbo, nikajipangia masomo mwenyewe. Natoka maabara nanuka asetoni, naingia zamu. Ogania niliirudia. Waliosema alama mpya inafuta ya zamani walinidanganya, AMCAS inahesabu zote mbili.

Agosti naanza mwaka wa kwanza wa udaktari. Mjomba anawaambia watu yeye ndiye aliyenishauri. Zile dola 500 hazijarudi.