Jumapili Yetu Ugenini Gisenyi

Mlima Nyiragongo ulipopasuka, Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002, mama yangu na jirani yetu wa upande wa chini walikuwa hawajasalimiana kwa miezi mingi. Ugomvi wao ulihusu maji. Mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Kivu, umejengwa juu ya mawe ya lava ya zamani, hivyo mvua ikinyesha hunywewa na miamba, na hakuna mto unaopita mjini. Asiye na bomba hushuka ziwani na kupanda tena na bidoni, yaani dumu la maji, kichwani, au humlipa kijana mwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, amletee. Sisi tulikuwa na robine, yaani koki ya bomba, uani, na majirani walichota kwetu kwa malipo madogo. Jirani yule alidai kwamba bomba lilipita katika kiwanja chake na kwa hiyo hakupaswa kulipa kitu. Mama akaifunga robine kwa kufuli, na tangu siku hiyo jirani akawa anachota ziwani.

Jambo hilo lingeweza kumalizwa na wazee kwa jioni moja, lakini vita vilivyoanza Agosti 1998 vilikuwa vimewafundisha watu wa Kivu kumpima jirani kwa lugha anayozungumza nyumbani kwake, na lugha ya nyumbani kwao haikuwa ya kwetu. Tena sisi tulikuwa Wabatisti na yeye alikuwa Mkatoliki, kiongozi wa shirika, kama Wakatoliki wa kwetu wanavyoiita jumuiya ndogo ya Kikristo. Kila tofauti ikapata kazi ya kufanya katika ugomvi wa maji. Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa letu, alifahamiana vizuri na katekista wa shirika lile, na mwanzoni mwa Januari hao wawili walikuwa wakipanga sala ya pamoja ya Wakatoliki na Waprotestanti wa avenyu yetu. Mama aliniambia waziwazi kwamba hatakwenda.

Asubuhi ya Alhamisi tuliona moshi mwingi upande wa kaskazini. Wazee walioukumbuka mlipuko wa Januari 1977, ambao lava yake ilikimbia kwa kasi na kuua watu vijijini, walianza kufunga mizigo. Vijana tuliendelea na shughuli zetu. Mlima haukufurika kutoka kileleni bali ulipasuka ubavuni, upande wa kusini, na nyufa zikashuka hadi maeneo ya Munigi, juu kidogo ya mji. Mchana habari zilikuja kwamba moto umefika uwanja wa ndege. Ulifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, ukaingia katikati ya mji, ukaigawa Goma pande mbili, na usiku ukafika Ziwa Kivu. Nilichokiogopa mimi zaidi ya wekundu wa mbingu ni mlio wa mapipa ya mafuta yaliyokuwa yakipasuka katika maduka ya mtaa wa Birere, kwa sababu kila mlio ulitufanya tudhani moto umetupita na kutuzunguka.

Tulikimbilia Rwanda kama watu wengine mamia ya maelfu, tukipita kwenye kizuizi cha mpakani ambacho watu wa Goma hukiita Petite Barrière. Baba alibeba godoro na kunishika mkono ingawa nilikuwa kijana wa sekondari, na mama alibeba kichwani bidoni ya njano ya lita 20 iliyojaa maji. Njiani watu walimwambia aitupe, achukue nguo au sufuria. Alikataa. Alisema amezaliwa Goma na anajua kitakachokosekana kwanza.

Mjini Gisenyi, upande wa Rwanda, barabara zote zilikuwa zimejaa watu waliolala chini, na ardhi ilikuwa ikitetemeka kila mara. Usiku wa manane bibi mmoja mzee alifungua lango la ua wake na kusema kwa Kinyarwanda, "Bana banjye, mwinjire," yaani tuingie, wanawe. Tuliingia watu wengi kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Kulipopambazuka, niliona kwamba mtu aliyelala upande wa pili wa mgomba ule ule alikuwa jirani yetu, pamoja na wajukuu wake wawili na mfuko wa unga wa muhogo.

Ijumaa nzima mama na jirani hawakusemezana. Habari zilizotoka Goma zilikuwa mbaya: mtaa huu umekwisha, soko lile limekwisha, Kanisa Kuu la Katoliki limekwisha. Kulikuwa pia na hofu ya maji. Sisi watu wa Kivu tunaijua mazuku, hewa nzito inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, ikiua mbuzi na hata watoto, na tunajua kwamba ziwa letu limebeba gesi nyingi chini kabisa. Kwa hiyo lava ilipoingia ziwani wengi waliamini kwamba maji yamekuwa sumu, na hakuna aliyethubutu kuyanywa. Katika ua ule wenye watoto wapatao thelathini maji yaliyoaminika yalikuwa yale ya bidoni ya mama, na unga uliokuwepo ulikuwa ule wa jirani.

Jioni mtoto mmoja, mjukuu wa jirani, alilia kwa kiu. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akaifungua bidoni, akajaza kikombe na kumpelekea mtoto mwenyewe, bila kumtuma mtu. Jirani alimtazama mtoto akinywa hadi akamaliza. Ndipo akasema, "Dada yangu, tafuta sufuria." Mama akajibu, "Sufuria ninayo wapi? Nilibeba maji." Wote wawili wakaanza kucheka, na kicheko kile kilikuwa cha kwanza kusikika uani tangu tulipoingia. Bibi mwenye nyumba akatoa sufuria kubwa ya harusi. Tulikula bugali bila mboga, kila mtu tonge moja au mawili, na watoto walipewa kwanza.

Ninalo neno la kusema hapa, kwa kuwa nimesikia mara nyingi ikihubiriwa kwamba shida huwaunganisha watu. Mimi niliiona shida ikiwafanya watu wanyang'anyane magodoro barabarani, na niliwaona wenye magari wakidai fedha kwa vikongwe ili wawavushe. Lava haikuwapatanisha mama na jirani, kwani walikaa chini ya mgomba mmoja mchana kutwa wakiwa na uchungu ule ule, na bado kila mmoja alimpa mwenzake mgongo. Kilichowapatanisha ni kikombe ambacho mmoja alikubali kukibeba, na neno "dada" ambalo mwingine alikubali kulitamka. Ninaamini kwamba Roho wa Mungu alikuwa katika matendo hayo mawili, na sioni haya kuandika hivyo.

Jumamosi mwenyeji wetu alikwenda kanisani, maana alikuwa Msabato, na alirudi na waumini wenzake wakiwa na maharage, viazi na kuni. Baba alimuuliza kwa heshima kwa nini anajisumbua hivyo kwa ajili ya watu asiowajua, katika wakati ambapo nchi zetu mbili zilikuwa vitani. Akajibu kwa Kiswahili chake cha mpakani, "Mwaka 1994 nilikuwa upande wenu." Hakueleza zaidi. Watu wazima wote walielewa, kwa kuwa Julai ya mwaka ule Wanyarwanda mamia ya maelfu walivuka kuja Goma kwa siku chache tu, wakalala juu ya mawe yetu yasiyochimbika, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu yao. Jirani yetu, ambaye mwaka huo aliwapikia uji yatima katika parokia yake, alimshika yule bibi mkono na kukaa naye hivyo kwa muda mrefu.

Jumapili ilipofika hapakuwa na padri wala mchungaji uani kwetu. Katekista, ambaye alikuwa amepoteza nyumba na vitabu vyake vyote, alisimama akiwa amevaa shati la kuazima na kutukumbusha kwamba tulikuwa katika siku ya tatu ya Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, ambalo huadhimishwa kila mwaka kuanzia tarehe 18 hadi 25 Januari. Alisema kwamba wazo kuu la mwaka huo lilitoka katika Zaburi ya 36, pale mwimbaji anapokiri kwamba chemchemi ya uzima iko kwa Mungu. Sala ambayo yeye na baba walikuwa wakiipanga ilikuwa ifanyike wiki hiyo hiyo katika ukumbi ambao sasa ulikuwa chini ya mwamba wa moto. "Ukumbi umeondoka," alisema, "lakini walioalikwa wote wako hapa." Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, na mjukuu wa jirani amelala mapajani mwake.

Baba alisoma zaburi kwa Kiswahili na mwenyeji wetu akairudia kwa Kinyarwanda kutoka katika Biblia yake iliyochakaa. Katekista alifafanua kwa maneno machache. Kisha mzee mmoja, ambaye sikumjua, alianza kuomba akisema kwamba Mungu ameichoma Goma kwa sababu ya ulevi na uasherati wake. Jirani yetu alisubiri hadi aliposema amina, ndipo akasema kwa upole kwamba moto ule umepita juu ya baa na juu ya Kanisa Kuu bila kuchagua, na kwamba yeye hawezi kuwaambia wajukuu zake kuwa Baba wa mbinguni aliwafuata kitandani kwao na moto. Baba yangu, ambaye katika mambo ya mafundisho alikuwa mtu mgumu, alitamka amina kwa sauti. Hadi leo naona kwamba mahubiri makubwa ya siku ile yalikuwa hayo.

Wimbo ulianzishwa na wanawake wa shirika. Ulikuwa na tuni tuliyoijua sote, ingawa sisi tuliuimba kwa maneno tofauti kidogo, na katika ubeti wa kwanza maneno yaligongana. Tulikuwa wanakwaya wachache wa kanisa letu. Mimi niliimba sauti ya tatu, na nikasikia mtu asiyejulikana nyuma yangu akishika ya nne vizuri ajabu. Ngoma hazikuwepo. Bidoni ya mama ilikuwa imekwisha maji tangu Jumamosi, na kijana mmoja Mkatoliki akaichukua, akaiweka katikati ya magoti yake na kuipiga. Tangu mwaka 1988, Roma ilipoidhinisha utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, Wakatoliki wa kwetu wamezoea kucheza mbele za Mungu bila wasiwasi, lakini katika kanisa letu wazee walicheza kwa mabega tu. Siku ile mama alisimama, akamkabidhi mtoto kwa baba, akaingia katika duara la wanawake na kucheza. Ardhi ilitetemeka katikati ya wimbo. Wimbo ulisita, bidoni haikusita, nasi tukaendelea.

Nimejaribu mara nyingi kueleza furaha ile kwa watoto wangu. Hatukuwa tumesahau chochote. Wapo waliokuwa wakicheza huku machozi yanawatoka, na mmoja wao alikuwa hajui mume wake yuko wapi. Furaha ilikaa pamoja na majonzi hayo, wala haikuyafukuza. Ilitokana na kujua kwamba Kristo tuliyekuwa tukimsifu hakuachwa Goma ndani ya jengo lolote, na kwamba wale niliofundishwa kuwaita wengine walikuwa wakimsifu yeye yule kwa pumzi ile ile. Tulibaki na tofauti zetu. Hata kama padri angekuwepo, tusingekaribia Meza ya Bwana pamoja, na baba na katekista walilitaja jambo hilo kwa huzuni katika maombi yao ya mwisho. Kisha tulikula viazi vya Wasabato katika sinia moja.

Jumatatu tulivuka kurudi, tukikanyaga ganda la lava lililokuwa bado na joto la kuyeyusha soli za viatu. Siku hiyo hiyo kituo kimoja cha mafuta kililipuka mjini na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota petroli. Nyumba yetu haikuwepo; kiwanja, bomba, robine na kufuli lake vilikuwa chini ya mwamba mweusi uliozidi kimo cha mtu. Lava ilikuwa imesimama hatua chache kutoka nyumba ya mbao ya jirani. Alitugawia chumba kimoja kati ya viwili alivyokuwa navyo. Kila jioni tulisali pamoja, wao wakianza na rozari, sisi tukimalizia kwa wimbo na sala ya baba, na wajukuu wakasinzia katika zote mbili bila upendeleo.

Mashirika ya misaada yalipogawa maturubai, baba alisema kwamba tumemchosha mwenyeji wetu na kwamba ni wakati wa kujisimamishia kibanda chetu juu ya lava. Jirani alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mama. "Dada yangu, mwambie mumeo hilo turubai aliweke juu ya bati langu linalovuja. Mkiondoka, jioni nani ataniitikia amina?" Baba alipanda juu ya bati siku iliyofuata, nami nikamshikia ngazi.