Seti inayokumbukwa ni ile inayotenda

Ukitaka kujua kama seti ya tamthilia kubwa, yaani mandhari yanayojengwa jukwaani, imefanikiwa, usihesabu vitu vilivyojazwa jukwaani. Muulize mtazamaji seti ilifanya nini. Mwaka 1992, National Theatre ya London ilipoipandisha upya tamthilia ya An Inspector Calls, mbunifu Ian MacNeil aliiweka nyumba ya familia tajiri juu ya nguzo, tena ndogo kiasi kwamba wenyeji walionekana kujibana ndani yake. Siri zinavyozidi kufichuka, nyumba inafunguka, na mwisho inaporomoka mbele ya macho ya watu. Huhitaji kuelezwa kwamba heshima ya familia imeanguka.

Mbunifu John Napier naye, katika tamthilia ya muziki Les Misérables ya mwaka 1985, alitumia jukwaa la duara linalozunguka. Kizuizi cha waasi kiliundwa kwa vipande viwili vinavyoingia na kushikana katikati. Mapigano yakiisha, kinageuzwa, na upande wa pili tunaiona miili ya waliouawa. Mzunguko huo ndio unaopeleka habari ya msiba. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo: mashine ikiondolewa na hadithi isipungukiwe na kitu, basi ni gharama tu.

Jukwaa la duara lina hesabu zake. Chukua lenye kipenyo cha mita 10. Likizunguka mara moja kwa sekunde 30, ukingo wake unakwenda zaidi kidogo ya mita 1 kwa sekunde, sawa na mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Aliye mita 1 kutoka katikati anasogea sentimita 21 tu kwa sekunde. Waigizaji wawili waliosimama kwenye duara hilohilo wana mwendo tofauti kabisa, kwa hiyo mazoezi ya kutembea lazima yafanyike duara likiwa linazunguka. Mwanzo na kituo viwe vya polepole. Likishtuka, viti vinapinduka na watu wanayumba. Mwanya kati ya duara na sakafu isiyosogea ufagiliwe kabla ya kila onyesho, maana skrubu moja iliyodondoka humo yaweza kulikwamisha.

Haya yote huanzia kwenye modeli, yaani mfano mdogo wa jukwaa na seti yake. Kipimo kilichozoeleka Uingereza ni 1:25: mwigizaji wa mita 1.75 anakuwa na urefu wa sentimita 7, na jukwaa la mita 12 linakuwa sentimita 48. Weka sanamu ya mtu ndani ya modeli tangu siku ya kwanza. Bila hiyo, ngazi hutoka ndefu na milango hutoka mirefu kupita kiasi bila mtu kugundua. Kisha chora mistari ya macho, inayoonyesha mtazamaji anaona nini, kutoka viti vibaya kuliko vyote: vya pembeni kabisa safu ya mbele, vya nyuma kabisa roshani ya juu, na vile vya chini vilivyofunikwa na roshani. Wa juu wanaiona sakafu kuliko kuta, kwa hiyo kwao sakafu ndiyo picha kubwa. Kuiacha nyeusi tupu ni kuwanyima. Waliofunikwa na roshani hawaoni kitu kilicho juu sana. Tukio muhimu likitokea huko, wamelikosa. Na chochote kisikae kwenye njia ya pazia la kuzuia moto. Hilo halina mjadala.

Kinachoshangaza watu kuliko mitambo mingi ni kitambaa cha shashi. Kikimulikwa kwa mbele kinaonekana kama ukuta. Kikimulikwa kilicho nyuma yake, ukuta unayeyuka. Lakini taa za mbele zipige kwa mshazari mkali, kutoka juu au pembeni. Zikipiga moja kwa moja, mwanga unapenya vitundu na waigizaji wa nyuma wanaonekana kabla ya wakati. Nyuma yake weka pazia jeusi, lifunguliwe gizani muda mfupi kabla ya ufunuo. Kisha pandisha taa za nyuma taratibu, ndipo ushushe za mbele. Mwanga wa nyuma nao usikiguse kitambaa. Ukikigusa, picha yote inakuwa na ukungu. Kishonwe bila kiungo katikati, kwa sababu mshono hujitokeza kama mstari. Upindo wa chini utiwe bomba zito, la sivyo upepo wa viyoyozi utaupeperusha ukuta wako.

Rangi moja iliyopakwa sawasawa hufa chini ya taa. Nyunyizia juu yake toni mbili au tatu zilizokaribiana, moja ikiwa nyeusi zaidi ya msingi na nyingine angavu zaidi. Nyuma ya kuta paka nyeusi, kuziba mwanga unaovuja kwenye viungo.

Majukwaa ya magurudumu huharibika kwa sababu ndogo sana. Magurudumu yanayogeuka kila upande hujipanga upya mwendo unapobadilika, na jukwaa linarushwa pembeni kabla ya kwenda. Kama njia ni moja iliyonyooka, funga magurudumu yasiyogeuka. Breki ziwe mahali fundi anapozifikia gizani bila kuinama mbele ya watazamaji. Uhamishaji wa majukwaa hayo ufanyiwe mazoezi kwa taa zilezile za onyesho, waigizaji wakiwa wamevaa mavazi kamili, kwa sababu pindo la gauni refu huingia chini ya gurudumu kwa urahisi ambao suruali za mazoezi hazitauonyesha.