Eti dagaa sio samaki?

Jumamosi dada kanituma mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, nikamletee samaki, nikaenda na mwanae, ana miaka minne na maswali kama trafiki. Kufika migebuka bei haishikiki, nikaona isiwe tabu nikachukua dagaa. Dogo akadaka, "Anko, si mama kasema samaki?" Nikamjibu bila kufikiri, hawa dagaa bwana, sio samaki.

Akanyamaza. Kidogo namwona kachuchumaa, kashika dagaa mbichi, anamfunua pembeni ya kichwa kwa kucha. "Mbona ana mashavu?" Maana wiki iliyopita nilimwonyesha kwenye mgebuka kwamba samaki anapumulia hapo, habari za dagaa hatukugusa kabisa.

Nikajitetea eti hao ni watoto wa migebuka. Mama mmoja aliyekuwa anapasua mgebuka akacheka, akanifunulia tumbo la samaki wake, dagaa watatu ndani. "Kwa hiyo huyu kala wanae?" Aibu! Kumbe dagaa wa Tanganyika ni ukoo wa sadini, akikomaa ndo huyohuyo, na mgebuka anamla.

Sasa kuna wanasaikolojia wa Marekani, Susan Gelman na Ellen Markman, mwaka 1986 walionyesha watoto wa miaka minne picha ya flamingo, popo, na ndege mweusi anayefanana na popo, wakawaambia jambo moja la flamingo na lingine la popo, halafu wakauliza, huyu mweusi je? Wengi wakamfuatisha na flamingo kwa kuwa wote wameitwa ndege, sura wakaipotezea. Mwanasaikolojia mwingine, Vladimir Sloutsky, yeye anabisha, anasema mtoto anapima kufanana tu, na jina nalo ni alama kama rangi au umbo. Nilikuwa upande wa akina Gelman ila dogo kanivuruga, jina nilimnyima kabisa na bado akaenda kukagua mashavu, aliyeburuzwa na jina ni mimi mwenye ndevu.

Ila nisionewe jamani, kwetu jikoni nyama ni mboga, maharage mboga, dagaa mboga, na ukitumwa samaki ukarudi na dagaa ni kesi.

Tunakaribia nyumbani dada akapiga, dogo akaninyang'anya simu. "Mama, tumeleta samaki! Wengi, hata hawahesabiki!"